Fulana Mbili za Kuzuia Risasi

Septemba 1980, askari wa jiji la Los Angeles anamkimbiza kwa miguu mtu anayeshukiwa kuiba gari. Mshukiwa anageuka na kufyatua. Fulana ya kuzuia risasi inafanya kazi yake. Risasi nyingine inagonga bizimu ya mkanda na kuruka pembeni. Askari ananusurika.

Jina lake ni Ken Osmond.

Mamilioni ya Wamarekani walikuwa wanaijua sura yake miaka mingi kabla hajavaa sare. Kuanzia 1957 hadi 1963 aliigiza Eddie Haskell katika kipindi cha runinga cha Leave It to Beaver. Eddie alikuwa ndumilakuwili wa kuzaliwa: mbele ya wazazi wa rafiki zake ni ulimi wa asali na adabu tele, wakimpa kisogo anageuka mchokozi. Wapo Wamarekani ambao hadi leo humwita mnafiki wa aina hiyo kwa jina hilo hilo.

Kwa wiki kadhaa habari hii imekataa kuniondoka. Risasi si shida. Askari hupigwa risasi. Kinachonisumbua ni kilichomfikisha pale barabarani, na kilichoendelea kumfuata hata baada ya pale.

Wiki arobaini na saba

Tuanze na hesabu, kwa sababu mengi yamejificha humo.

Enzi hizo msimu mmoja wa runinga ya Marekani ulikuwa na vipindi 39. Leave It to Beaver ilikwenda misimu sita, jumla vipindi 234. Sasa chukua kituo kinachorusha marudio, kipindi kimoja kila siku ya kazi, vitano kwa wiki. Akiba yote inakwisha ndani ya wiki 47. Kisha wanaanza upya.

Maana yake ni kwamba ndani ya mwaka mmoja mtazamaji anamwona Eddie akiwa na miaka 14, anamwona akikua hadi anakaribia 20, halafu Jumatatu inayofuata kijana amerudi 14. Mwaka baada ya mwaka. Kizazi ambacho hakikuwa kimezaliwa kinakutana naye kama mtu mpya.

Na pesa?

Mikataba ya wakati huo ililipia marudio mara chache tu, kisha malipo yakakoma huku kipindi kikiendelea kurushwa. Chama cha waigizaji, Screen Actors Guild, kilipata malipo ya marudio yasiyo na ukomo mwaka 1974. Waliorekodi kabla ya hapo walibaki na mikataba yao ya zamani.

Kwa hiyo sura ya Osmond iliendelea kufanya kazi bila ujira, na kazi yenyewe ilikuwa kumfungia mwenye sura milango. Msimamizi wa kuchagua waigizaji hamfikirii mwigizaji peke yake, anamfikiria mtazamaji. Mlete Osmond aigize daktari anayempa mama habari mbaya, na mtazamaji atatabasamu kabla daktari hajafungua mdomo, kwa sababu asubuhi ile ile amemwona akidanganya jikoni kwa akina Cleaver, familia ya kipindi kile. Baada ya 1963 Osmond alipata nafasi ndogondogo, zikiwemo katika The Munsters na Petticoat Junction. Hazikutosha kulisha nyumba.

Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemkosea kwa makusudi. Ndiyo maana ni vigumu kumwonyesha mtu kidole.

Masharubu

Mwaka 1970, akiwa na miaka 27, alijiunga na polisi wa Los Angeles. Alifuga masharubu ili asitambulike.

Habari za namna hii huandikwa kama habari za kuanguka. Alikuwa nyota, sasa ni askari. Msomaji asikitike kidogo na apite. Nimezisoma hivyo muda mrefu, na nadhani nilikuwa nazisoma vibaya.

Tazama kazi zenyewe. Mwigizaji wa runinga asiye na kipindi cha kudumu huanza kutafuta kazi upya kila anapomaliza moja. Hajui mwezi ujao utakuwaje. Askari ana mshahara mwisho wa mwezi, ana bima, ana pensheni inayohesabiwa kwa miaka aliyotumika. Ana cheo kinachopanda kwa mitihani, bila kutegemea kama kuna mtu ameipenda sura yake. Kwa kijana mwenye mke, aliyetumia ujana wake kusubiri simu ya wakala, hiyo ni hatua ya mbele.

Basi kwa muda niliridhika na maelezo hayo. Mtoto wa runinga anayepona ni yule anayepata kazi isiyohitaji sura. Avae sare, afuge masharubu, maisha yaendelee.

Kisha nikaikumbuka fulana ya pili.

Fulana ya pili

Julai 1998, karibu miaka 18 baada ya tukio la Osmond, mlinzi mmoja alikuwa dukani huko California akinunua fulana ya kuzuia risasi kwa ajili ya kazi yake. Mwanamke akamtambua, akamwomba saini. Wakapishana maneno, na mlinzi akampiga. Kesi ikafika mahakamani, na magazeti yakaishangilia.

Mlinzi huyo alikuwa Gary Coleman, yule Arnold wa Diff'rent Strokes, kipindi kilichorushwa kuanzia 1978 hadi 1986.

Kumpiga mtu ni kosa, na mahakama ilishughulika nalo. Lakini tukio lile lilivunja nadharia yangu ya sare. Coleman naye alikuwa amepata kazi isiyohitaji sura. Naye alikuwa ananunua kifaa cha kazi, kama mlinzi mwingine yeyote. Tofauti ni kwamba hakuwa na masharubu ya kujificha nyuma yake. Alizaliwa na ugonjwa wa figo, alipandikizwa figo mara mbili, 1973 na 1984, na ugonjwa pamoja na dawa zake vilizuia ukuaji wake. Kimo chake kilibaki takriban sentimita 142. Osmond alikua na kuiacha sura ya Eddie kwenye kioo. Coleman aliibeba ya Arnold kila alikokwenda.

Kimo kile kile ndicho kilichomfanya aajiriwe tangu mwanzo. Akiwa na miaka 10 aliweza kuigiza mtoto mdogo zaidi, na mtoto mkubwa anayeonekana mdogo ni hazina kwa mtayarishaji: anakariri haraka, anaelewa utani, na sheria inamruhusu saa nyingi zaidi.

Kisha ukaja upande wa fedha. Mwaka 1989 aliwashtaki wazazi wake na meneja wake wa zamani juu ya mapato yake. Mwaka 1993 mahakama iliamua alipwe takriban dola milioni 1.28. Miaka sita baadaye aliomba mahakama imtangaze mufilisi.

Kumbe sare peke yake haitoshi. Kuna mambo mawili nyuma yake, na yote mawili yanachosha kuyasoma, labda ndiyo sababu hayaandikwi: akaunti ya benki, na saa za darasani.

Dola mia zinakwenda wapi

Chanzo cha sheria ya California ni mtoto wa filamu, Jackie Coogan, aliyesimama na Charlie Chaplin katika filamu ya kimya ya mwaka 1921. Alipokuwa mtu mzima aliuliza fedha zake ziko wapi. Makadirio yalikuwa dola milioni 3 hadi 4. Mama yake na baba wa kambo walikuwa wamezitumia, na utetezi wao ulikuwa wa kisheria kabisa: kwa sheria ya wakati huo, mapato ya mtoto ni mali ya mzazi. Aliwashtaki mwaka 1938 na akaambulia dola 126,000. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Coogan alichumia juani, kivulini walikula wengine.

Sheria ya 1939 iliyotungwa kwa sababu yake ilikuwa na tundu kubwa. Ililinda mikataba iliyopelekwa mahakamani kuidhinishwa tu, na studio zilikwenda mahakamani pale zilipohofia mtoto atauvunja mkataba mrefu. Mikataba mifupi ilipita pembeni. Tundu hilo lilidumu miaka 60, yaani katika enzi yote ya Osmond na yote ya Coleman.

Kuanzia Januari 2000 mambo ni haya. Mapato ni mali ya mtoto mwenyewe. Mwajiri anakata asilimia 15 ya mapato ghafi na kuiweka moja kwa moja katika akaunti ya amana iliyofungwa, ambayo hakuna anayeweza kuitoa kabla mtoto hajafikisha miaka 18, isipokuwa kwa amri ya mahakama. Mzazi anatakiwa kuifungua ndani ya siku 7 za kazi tangu mkataba usainiwe, na kumkabidhi mwajiri hati ya mdhamini yenye namba ya akaunti.

Kwenye karatasi ni safi. Sasa fuatilia dola mia moja.

Wakala anachukua 10. Meneja, kama yupo, huchukua hadi 15. Amana 15. Zimebaki 60. Kodi inahesabiwa juu ya mapato ya mtoto, zikiwemo zile 15 zilizofungwa, lakini kwa kuwa zimefungwa, kodi yake inalipwa kutoka katika zile 60. Humo humo zinatoka picha za kujitangazia, mafunzo, mafuta ya gari, na mara nyingi maisha ya mzazi aliyeacha kazi yake ili akae na mtoto studio. Siku ya kutimiza miaka 18, zile 15 huwa ndizo pekee zilizobaki.

Makosa yanayojirudia ni ya kawaida mno. Mzazi anafungua akaunti ya akiba ya mtoto yenye jina lake pembeni na kudhani ndiyo hiyo. Si hiyo, kwa sababu yeye mwenyewe anaweza kutoa. Au anaamini asilimia 15 ni dari, wakati sheria imeiweka kama sakafu. Hakuna kinachomzuia kuweka 40. Au hapeleki hati, na fedha zinaishia kwa mfuko wa waigizaji unaotunza amana zisizodaiwa, zikimsubiri mtu asiyejua kwamba zipo. Au mtoto alikuwa mwigizaji wa nyuma tu, wale wa kujaza umati, ambao sheria hii ya amana haiwagusi.

Na kosa ambalo halimo katika fomu yoyote: kijana anafikisha miaka 18 na benki inamfungulia kila kitu siku moja, bila mtu kuwahi kumfundisha jinsi ya kusoma taarifa ya akaunti.

Saa tatu

California inamruhusu mtoto wa miaka 9 hadi 15 kukaa kazini saa 9 kwa siku ya shule: 5 za kazi, 3 za darasa, 1 ya mapumziko. Wa miaka 6 hadi 8 hukaa saa 8, kazi ikiwa 4. Mwalimu wa studio mmoja kwa watoto wasiozidi 10. Kibali cha kazi hudumu miezi 6, na shule lazima ithibitishe alama na mahudhurio kabla hakijatolewa upya.

Saa tatu zinatosha, zikiwa saa tatu kweli.

Shida ni kwamba zinakatwakatwa. Taa zinapangwa, mtoto anakwenda darasani; taa ziko tayari, anaitwa. Mikataba ya chama cha waigizaji haihesabu kipande kisichofika dakika 20. Historia unaweza kuisoma kwa vipande. Aljebra haikuruhusu kuacha katikati ya mlinganyo, ukavae koti la uhusika, ulie mbele ya kamera, kisha urudi ulipoachia. Mwalimu ana mamlaka ya kumwambia mwongozaji kwamba mtoto hatoki bado. Si kila mwalimu huyatumia, kwa maana mwongozaji huyo huyo ndiye ataulizwa kama mwalimu aitwe tena.

Halafu kuna mlango wa nyuma. Akifikisha miaka 16, kijana anaweza kufanya mtihani wa jimbo wa kumaliza sekondari mapema. Akifaulu, anafanya kazi kwa saa za mtu mzima, na darasa linakufa. Watayarishaji wanawapenda vijana wa aina hiyo. Wazazi huambiwa ni fursa. Kwangu, huo ndio uamuzi mkubwa kuliko wote katika maisha ya mtoto wa runinga, na hufanywa kwa haraka kwa sababu ya nafasi moja ya kazi itakayopita.

Ndiyo maana Danica McKellar ananivutia. Alikuwa na miaka 13 kipindi cha runinga cha The Wonder Years kilipoanza Januari 1988, akiigiza Winnie Cooper, na 18 kilipokwisha 1993. Aliingia chuo kikuu cha UCLA akasoma hisabati hadi shahada mwaka 1998. Mwaka huo huo jina lake lilichapishwa pamoja na profesa wake Lincoln Chayes na mwanafunzi mwenzake Brandy Winn, katika makala ya fizikia ya hisabati kuhusu modeli ya Ashkin–Teller.

Ifikirie hivi. Karatasi ya miraba isiyo na mwisho. Katika kila makutano kuna sumaku mbili ndogo, kila moja ikielekea juu au chini, zikivutana na majirani. Joto likiwa kali kila moja inafuata lake. Likishuka, kunafika mahali karatasi nzima inalazimika kuchagua upande, na inaweza kuchagua zaidi ya mmoja. Walichothibitisha, kwa sehemu ya modeli waliyoichunguza, ni kwamba kuwepo kwa chaguo zaidi ya moja kunakwenda sambamba na kitu cha kuchora kwa penseli: kama mtandao wa viungo kati ya makutano unafika mbali bila kukatika au la.

Uthibitisho wa aina hiyo unajengwa kwa hatua, na hatua ya nne ikiwa mbovu, ya tano haisimami hata kama msomaji wako alikupenda sana kwenye runinga. Tangu 2007 McKellar ameandika vitabu vya kuwafundisha wasichana hisabati, na ameendelea kuigiza. Hakulazimika kufuga masharubu.

Mwenzake wa kipindi hicho hicho, Josh Saviano, aliyekuwa Paul mwenye miwani, alikwenda Yale, akasoma sayansi ya siasa, kisha akawa mwanasheria.

Lakini kuhusu Saviano kuna jambo jingine.

Watatu waliozushiwa

Katika miaka ya 1990 ulienea uvumi kwamba Saviano ndiye mwanamuziki Marilyn Manson. Haikuwa kweli.

Miaka mingi kabla yake, ulienea uvumi kwamba Ken Osmond ndiye Alice Cooper. Huu ulianza pale mwanamuziki huyo alipoeleza kwamba utotoni alikuwa na tabia za Eddie Haskell. Watu wakasikia kwamba alikuwa *ndiye* Eddie Haskell.

Na mtoto mwenyewe wa Leave It to Beaver, Jerry Mathers, alitangazwa kuwa amefia vitani Vietnam. Hakuwahi kutumwa Vietnam. Alitumikia katika jeshi la akiba la anga, akasoma falsafa Berkeley hadi shahada mwaka 1973, akafanya kazi benki akishughulikia mikopo ya biashara.

Ziweke pamoja. Wawili waligeuzwa wanamuziki wa kutisha, mmoja akauawa. Ukweli ulikuwa askari, mwanasheria na ofisa wa mikopo. Umma ulikuwa tayari kuamini kifo kuliko kuamini meza ya benki. Nilipofika hapa niliona aibu kidogo kwa niaba yetu sote tunaotafuta majina haya usiku, tukiuliza wako wapi siku hizi, na mioyoni tukitarajia msiba.

Alichodai mwaka 2007

Baada ya kupigwa risasi, Osmond aliwekwa katika orodha ya walioumia kazini, na mwaka 1988 alistaafu. Katikati ya miaka hiyo Eddie alikuwa amemwita tena. Kulikuwa na filamu ya runinga mwaka 1983, kisha kipindi kipya kilichodumu hadi 1989, Eddie akiwa mtu mzima mwenye watoto. Watoto wa Eddie waliigizwa na watoto wa Osmond mwenyewe, Eric na Christian. Sijui kama kuna namna nzuri zaidi ya kufanya amani na sura.

Kisha, mwaka 2007, mstaafu huyu alifungua kesi ya pamoja dhidi ya Screen Actors Guild, chama cha waigizaji wenyewe.

Suala lilikuwa tozo za nje. Nchi kadhaa za Ulaya, Ujerumani ikitangulia tangu 1965, hutoza ada ndogo kwenye mashine za kurekodia, na baadaye kanda na diski tupu, kwa hoja kwamba watu watarekodi kazi za wengine nyumbani. Fedha hukusanywa na kugawiwa wenye haki. Fungu la waigizaji wa Marekani lilikuwa likipokelewa na chama. Osmond alidai kwamba chama kilikusanya fedha hizo, hata kwa niaba ya wasio wanachama, bila kuwaeleza wahusika kuwa zipo. Kesi iliisha kwa maridhiano.

Kwa mtu mmoja mmoja, tozo hizi mara nyingi ni fedha kidogo sana. Hilo halikumzuia. Alikuwa na miaka 64, pensheni yake ya polisi ikiingia kila mwezi, na alikwenda mahakamani kumdaia ujira kijana ambaye siku hiyo hiyo, kwenye kituo fulani cha marudio, alikuwa anavua kofia mlangoni kwa Bi. Cleaver na kumsifia gauni lake.